Sahani Tupu ya Muzee Mawese

Kaka Rajabu,

Watu wa Rumonge bado wananiita mke wako.

Majuzi nilikuwa sokoni nachagua ndagala. Yule mama wa Kigwena anayeuza karibu na lango akaacha kipimo chake, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Pole sana, Mama Taabu," akaniambia. "Bwana yako alitufurahisha sana. Mungu amupokee." Mama Taabu ni jina la jukwaani, wewe ndiye uliyenipa, lakini yule mama hajui kama nina jina lingine. Nilitaka kumweleza kwamba mume wangu ni Issa, fundi wa mashine za mitumbwi, na yuko mzima, na kwamba wewe ulikuwa bwana wangu kwenye maigizo tu. Kabla sijafungua mdomo nikahisi kuna mtu nyuma yangu. Alikuwa Asha. Mke wako mwenyewe, mama wa watoto wako, ametoka edani hata mwezi haujapita, mtandio mweusi ameufunga mpaka kidevuni. Alikuwa amesikia kila neno.

Nikakosa pa kuweka uso. Asha hakugomba. Alimwangalia yule mama, akaniangalia mimi, kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Zaina, kesho alasiri ukuje nyumbani. Iko kitu nataka kukuuliza."

Niliondoka pale nimesahau hata samaki.

Unajua kwa nini niliogopa. Miaka yote tuliyoigiza pamoja Asha hakuwahi kuniambia zaidi ya salamu. Tukikutana njiani, amahoro, anapita. Nilipojifungua alituma chakula kizuri, yeye hakuja. Wala hakuwahi kuonekana mahali tunapoigiza. Nikikuuliza ulikuwa unajibu, "Asha hapendi michezo," halafu unabadilisha mazungumzo. Mimi nikaamini hivyo, nikaacha kuuliza.

Nitakueleza alichoniuliza. Ngoja kwanza nikupe habari za huku.

Siku ya mazishi yako watu walikuja kutoka Kabezi mpaka Nyanza. Shida ilikuwa kwamba kila aliyeanza kueleza habari zako alijikuta anacheka, halafu anaona haya, anafunika uso. Hata sheikh alikatisha maneno yake akageukia ukutani, na sisi akina mama tuliokuwa ndani tuliona mabega yake yakitikisika kupitia dirishani. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani hata yeye hakujua.

Banda letu la mazoezi kule karibu na ziwa halipo tena. Unakumbuka maji yalipopanda yakala ukuta mmoja, tukawa tunafanya mazoezi miguu ikiwa majini, wewe ukasema sasa na samaki mikeke nao wamepata sinema yao. Basi masika haya yameangusha kuta zilizobaki. Lakini hilo halikuniuma sana, kwa sababu nilikuwa nimeshaacha. Tulipokuzika nilikunja kile kitenge cha Mama Taabu nikakiweka chini kabisa ya sanduku, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Ambaye hakukubali ni Eriki, yule mwalimu kijana wa Bugarama uliyemuingiza kikundini ulipoanza kuumwa. Alikuwa anakuja kwangu kila akitoka shuleni. Alitaka tuendelee, yeye achukue nafasi yako, awe Muzee Mawese. Nilimkatalia vibaya, Kaka. Nilimwambia Muzee Mawese amezikwa na mimi nilikuwepo. Hakukasirika. Akakaa juu ya kiti cha wateja, akasema, "Basi unieleze tu alitoka wapi. Mimi vichekesho naviona kwenye simu. Sijui vilianzia wapi."

Hapo alinipata, maana hadithi hiyo wewe uliipenda kuliko hata kuigiza. Nikamsimulia kama ulivyokuwa unatusimulia sisi.

Nikamweleza habari za baba yako aliyevuka kutoka Kongo kuja kufanya kazi ya mawese, na jinsi ulivyokuwa bado mtoto siku gari la sinema lilipofika likatundika shuka nyeupe kwenye ukuta wa ghala. Filamu ilikuwa ya kufundisha watu kunawa mikono. Ndani yake kulikuwa na bwana mmoja mzembe anayeteleza, anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Kando ya shuka alisimama mtu mwenye kipaza sauti akieleza kwa Kiswahili. Ulikuwa unasema watu walicheka kidogo yule bwana alipoanguka, lakini walicheka mpaka wakalia pale mwelezaji alipomuonea huruma akaanza kumtetea: "Mumusamehe, ndugu zangu, barabara ya kwao iko mbaya." Ulirudi nyumbani hukukumbuka lolote juu ya kunawa mikono. Ulikuwa unamuwaza yule mtu wa kando.

Ndiyo maana ulipokua ukawa mtu wa kando wewe mwenyewe, kwenye ile nyumba ya video ya mabati nyuma ya soko. Filamu zilitoka India, zilitoka Uchina, na hakuna aliyejua lugha zake, wewe ukiwa wa kwanza. Ulisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi ukatafsiri. Mama wa Kihindi analia kwa wimbo, wewe unasema anamlilia mwanawe arudishe kidumu cha mawese alichokwenda nacho Kigwena. Watu waliirudia filamu ile ile kwa sababu kila siku uliwapa maneno mengine. Mimi nilikuwa msichana, nilikuwa nakaa na shangazi yangu safu ya mbele, na niliamini kabisa kwamba India kuna mawese.

Nikamweleza na habari za harusi. Orkestra ikipumzika, waimbaji wakinywa soda, kulikuwa kunaingia kimya ambacho ndani yake watu huanza kukumbuka kwenda nyumbani. Kiongozi wa orkestra akakuomba ukijaze. Ulikuwa unatuambia kichekesho chetu kimezaliwa ndani ya pumziko la muziki, kwa hiyo lazima kiwe na mapigo; ukichelewa umeharibu, ukiwahi umeharibu. Na kwa kuwa mtu hawezi kugombana peke yake, ukaja kunitafuta. Ulimwendea Issa kwanza, kwa heshima, ukamuomba ruhusa, ukamuahidi utakuwa unanirudisha nyumbani nimeshiba. Issa bado anakumbuka hilo.

Eriki alicheka zaidi nilipofika kwenye redio. Ile siku Bujumbura walipotusimamisha mbele ya mikro moja, ukaigiza kwa uso wote na mikono yote, mpaka fundi akakuambia taratibu, "Muzee, redio haina macho." Wakati wa kurudi tulipita Kabezi, tukapita kote, hujasema neno. Wiki iliyofuata ukanifanyisha mazoezi tumegeuziana migongo, ukisema kama sitacheka bila kukuona, basi wewe bado hujajua kazi. Halafu ikaja televisheni. Wale watu wa kamera wakawaomba watazamaji wanyamaze ili sauti isiharibike, na wewe ukaigiza mbele ya ukumbi uliokatazwa kucheka. Uliposhuka ulisema, "Ni kama kupikia watu waliofunga."

Eriki alisikiliza yote. Mwishoni akauliza, "Na Mama Taabu? Yeye alitoka wapi?"

Nikamjibu bila kufikiri, nimenyoosha shingo. "Mama Taabu ni mimi."

Sasa nirudi kwa Asha.

Nilimwambia Issa kwamba nimeitwa na sijui ninaitiwa nini. Akasema, "Nenda. Mufiwa haogopwi." Nikavaa vizuri, nikaenda. Asha alikuwa ametandika mkeka uani na ameweka chai ya tangawizi. Tuliulizana hali. Halafu mimi nikawa naangalia viatu vyako, bado viko mlangoni.

"Zaina," akasema, "watu wote wananisimulia bwana yangu. Sokoni, hospitali, hata siku ya mazishi. Kila mutu alimuona. Mimi sikumuona. Nionyeshe."

Sikumuelewa. Ndipo akanieleza jambo ambalo hukuwahi kuniambia, au labda hata wewe hukulijua. Alipokuwa bado bibi harusi mpya alivaa akaja kukuangalia, kwenye harusi fulani pale mjini. Alifika mpaka mlangoni. Akamsikia mtangazaji anasema, "Sasa wanaingia bwana na bibi," akatuona tunatoka tumeshikana mikono, na akina mama wanapiga vigelegele. "Nilirudi nyumbani nikapika," akasema. "Sikurudi tena. Wewe ulikuwa mke wa huko, mimi nilikuwa mke wa hapa. Nikasema basi, kila mutu abaki na upande wake."

Miaka yote hiyo, Kaka. Na mimi nilidhani hapendi michezo.

Nikamwambia siwezi, hii ni nyumba ya msiba, majirani watasemaje wakisikia. Akanijibu, "Msiba ni wangu."

Tena nilikuwa sina kisingizio, kwa sababu sehemu zote mbili nilikuwa nazijua. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha pale koo lako lilipoanza kukuhini. Sauti ilikuwa nzito, ikawa mkwaruzo, ikawa pumzi. Ulikwenda kwa madaktari Bujumbura, ukarudi umeshika shingo, ukanionyesha kwa kidole: wewe sema, mimi nitatembea. Idi ile ya mwisho ulipanda jukwaani huna sauti hata ya kunong'ona. Nilisema ya mke, nikageuka nikasema ya mume, na wewe ukawa unafungua na kufunga mdomo mbele yangu, na watu walioko nyuma hawakugundua. Halafu ukachagua tumalize na mchezo ambao ndani yake Muzee Mawese hasemi kitu: sahani.

Huo ndio nikamuigizia Asha. Niliutoa mtandio wangu nikaufunga kiunoni, nikaanza. Muzee Mawese anarudi nyumbani mikono mitupu, anaeleza kwa mikono tu kwamba mtumbwi wake uliharibika katikati ya ziwa. Mama Taabu anauliza kwa upole, "Uliharibika karibu na nyumba ya nani?" Anamkaribisha, anamnawisha, anamuwekea sahani imefunikwa kitambaa kizuri. Muzee anajipangusa ndevu, anafunua. Sahani tupu. Mama Taabu anamwambia, "Kula. Ndiyo ile ulileta." Nilikuwa nimechukua kisosi cha chai kuwa sahani, nikakiweka, nikasema maneno hayo kama ninavyoyasema siku zote.

Asha hakucheka. Aliinuka.

Nilidhani nimemuudhi, nikaanza kufungua mtandio. Aliingia jikoni akatoka na sahani ya bati, pana, ukingo wake umebanduka rangi. Akaweka na kijiko. Akaweka na bilauri ya maji. Akafunika kwa kitambaa cha kufuma, akakivuta pembe mpaka kikakaa sawa. Halafu akakaa, mikono juu ya magoti, kichwa amekiinamisha upande wa kushoto, na akasema polepole, karibu kwa mapenzi, "Kula. Ndiyo ile ulileta."

Kaka, nilimtambua Mama Taabu. Kichwa kile kilichoinama kushoto ndivyo ulivyokuwa unakiinamisha changu kwa mkono wako kwenye mazoezi. Nilikuwa napiga kelele, wewe unanisimamisha: "Punguza, Zaina. Huyu mwanamke hagombi. Anaua kwa upole." Nilikuwa najiuliza mwanamke gani huyo mwenye upole wa kuua. Kumbe nilikuwa nakutana naye njiani, ananiambia amahoro.

"Haya maneno ni yangu," Asha akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekuta nguo yake imeanikwa kwenye uzio wa watu. Akanihadithia. Mwaka wa kwanza wa ndoa yenu, wakati bado hujaacha kutafsiri filamu, siku moja ulishinda nyumba ya video tangu asubuhi, ukarudi huna hata unga. Akakutengea sahani hiyo, hiyo hiyo, na kijiko, na maji, akakuambia ule ulicholeta. Akangoja ugombe. Wewe ukanawa. Ukasema bismillahi. Ukala sahani tupu mpaka ukaimaliza, tonge kwa tonge, ukatoa na mwiba kwenye meno, ukalamba vidole, ukamuomba akuongeze.

"Nilicheka nikakaa chini," akasema. "Nilitaka kukasirika na sikuweza. Siku hiyo ndiyo nilijua nimeolewa na mutu gani."

Akaniomba nimuonyeshe ulivyokuwa unakula jukwaani. Nikamuonyesha, tonge kwa tonge. Nilipofika kwenye mwiba alianza kucheka. Alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, akajifunika uso kwa mtandio, akaendelea kucheka humo ndani mpaka nikasikia kicheko kimegeuka kilio. Nikaacha kisosi nikamshika. Tulilia hapo mkekani, mimi na yeye, chai ikapoa. Jirani alichungulia juu ya uzio akarudi zake.

Baadaye nikamuuliza na mengine. Lile neno la mtumbwi ulioharibika karibu na nyumba ya mtu, ni la nani? La Asha. Na lile la kumwambia mume analala kama mtu aliyeajiriwa kulala? Lake. Kila nilichotaja, Asha alinipa siku yake, na mvua iliyokuwa inanyesha, na mtoto aliyekuwa mgongoni. Mji mzima unasema maneno ya mke wako, Kaka. Mtoto akitumwa sokoni akarudi mikono mitupu mama yake anamwambia ale kile alicholeta, na hakuna anayejua yalitoka jiko gani.

Nitakuwa mkweli, nilipokuwa narudi nyumbani nilikukasirikia. Nilikuona umetuchezea wote wawili. Mimi uliniacha nijidai kwa kitu kisicho changu, na yeye ukamuacha anawaza kwamba una mke mwingine, kumbe ulikuwa unampandisha yeye jukwaani kila Jumamosi. Ulishindwa nini kumwambia? Siku iliyofuata nilirudi kwake nikamuuliza hivyo hivyo. "Angenambia ningeacha kusema," akajibu. "Ningechunga mudomo wangu kila saa. Yeye alitaka niendelee." Halafu akaongeza, "Lakini angenambia tu." Sijui lipi kati ya hayo mawili ndilo jibu. Mwenye kujua ni wewe, na hutujibu.

Nilimwita Eriki. Nikamwambia ile hadithi niliyomsimulia ilikuwa na tundu katikati. Sinema ya shuka ilikupa yule mtu wa kando, muziki ukakupa mapigo, redio ikakupa sauti, yote hayo ni kweli, lakini maneno yenyewe uliyatoa nyumbani kwako, kwa mwanamke aliyekuwa anapika. Nikamwambia ajiandae, tutaigiza. Nikakifungua kile kitenge.

Tuliigiza Kigwena, kwenye harusi ya binti wa rafiki yako wa kukamua mawese. Eriki anaigiza vizuri, lakini bado ana haraka. Aliufikia mwiba kabla watu hawajameza tonge la pili. Atajifunza. Asha alikuja. Alikaa mbele kabisa na binti yenu Hawa. Kabla hatujaanza nilichukua mikro, nikasema: mimi si mjane wa Rajabu, mjane wake ni huyu hapa, na kila neno ambalo Mama Taabu amewahi kuwachekesha nalo lilitoka kinywani mwake. Halafu yule mama wa ndagala, nilikuwa sijui kama yupo, akasimama, akaenda mpaka alipokaa Asha, akapiga goti kidogo, akamshukuru, "Murakoze, Mama." Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Muziki ulibidi ungoje.

Sasa Ijumaa baada ya sala Asha anakuja kwangu, anakaa kando ya cherehani. Anaongea, mimi nashona. Wiki iliyopita alisema neno moja juu ya dada yako wa Bujumbura nikacheka mpaka nikajichoma kidole kwa sindano. Nikamuuliza kama naweza kulipeleka jukwaani. Alilifikiria muda mrefu, akasema, "Tumia. Lakini nikiwa nimekaa mbele."

Basi hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, Kaka Rajabu. Hakuna neno lake litakalopanda jukwaani kabla yeye hajalikubali, na popote tutakapoigiza atakuwa na mahali pake pa kukaa, mbele, panapoonekana. Kwaheri, bwana wangu wa uongo, rafiki yangu wa kweli. Mungu akupanulie kaburi lako na akulipe kwa kila aliyelala amecheka kwa sababu yako. Asha anakusalimu. Amesema nikuambie amekuona.

Ni mimi,
Zaina